Li Ning alitajirika kwa jina lake, na hicho ndicho wenzake walichonyimwa

Mwaka 2025 kampuni ya nguo za michezo ya Li-Ning ilipata tena kazi ya kuwavisha wanamichezo wa China. Mkataba wake na Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo unaanza 2025 na kuishia 2028, na umeiondoa Anta, kampuni iliyoishika nafasi hiyo kwa miaka 16. Kwa hiyo Mchina atakayepanda jukwaani kupokea medali Los Angeles mwaka 2028 atakuwa amevaa nguo zenye jina la mcheza jimnastiki Li Ning, aliyetwaa medali sita katika jiji hilohilo mwaka 1984. Si ajabu kwamba habari hii imependwa. Imesimuliwa kama kisa cha bingwa aliyestaafu kwa aibu, akajikung'uta vumbi, akajenga kampuni kubwa kwa jasho lake, na sasa amerejea pale alipoanzia. Nimeisikia hata kwetu, katika mazungumzo ya Kiswahili, ikitolewa kama wosia kwa wanamichezo wanaokaribia kustaafu: fanyeni kama Li Ning.

Wosia huo una kasoro kubwa. Li Ning alikuwa na bidii, hilo halina ubishi, lakini bidii ndicho kitu ambacho wacheza jimnastiki wote wa China walikuwa nacho. Kilichomtenganisha na wenzake ni kwamba alitoka katika timu ya taifa akiwa na jina lake mkononi, katika kipindi kifupi ambacho hakuna ofisi iliyokuwa imeandika kwamba jina la bingwa ni mali ya Dola. Waliomfuata walikuta mlango huo umefungwa. Tukiisoma safari yake bila kuliona jambo hilo, tutawalaumu watu wasiostahili lawama, na tutaujadili mkataba wa 2025 kama sherehe ilhali una maswali mazito ndani yake.

Tuanze na mchezaji mwenyewe, kwa kuwa utajiri umeanza kuufunika ukubwa wake. Li Ning alizaliwa mwaka 1963 katika mkoa wa Guangxi, kusini mwa China, kwenye familia ya kabila la Wazhuang. Alianza jimnastiki akiwa mtoto mdogo, akapita katika timu ya mkoa, na mwaka 1980 akaingia timu ya taifa. Miaka miwili baadaye, katika Kombe la Dunia lililofanyika Zagreb, alichukua dhahabu sita kati ya saba zilizokuwa zikishindaniwa na wanaume. Hadi leo sijaona katika mchezo huu siku ya mashindano iliyomilikiwa na mtu mmoja namna ile. Mwaka 1983, Budapest, China iliibwaga timu ya wanaume ya Umoja wa Kisovieti na kutwaa ubingwa wa dunia. Nataja Budapest makusudi, maana wapo wanaosema medali za Los Angeles zilikuwa nyepesi kwa sababu Wasovieti waligomea michezo ile. Wasovieti walikuwepo Budapest, na walishindwa.

Los Angeles yenyewe ilimpa dhahabu tatu, fedha mbili na shaba moja. Dhahabu ya mazoezi ya sakafuni aliipata peke yake. Ile ya farasi wa vipini, kifaa ambacho mchezaji huzungusha miguu juu yake akishika vipini, aligawana na Mmarekani Peter Vidmar, na ile ya pete, zile mbili zinazoning'inia kwa kamba, akagawana na Mjapani Koji Gushiken. Fedha zilitoka katika mruko na mashindano ya timu, ambako Marekani iliipita China kwa tofauti ndogo, na shaba ikatoka katika jumla ya vifaa vyote. Pete zilikuwa himaya yake. Miondoko aliyoibuni bado imo katika kitabu cha alama cha Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki kwa jina lake, na vijana wasiomjua kwa sura wanaijifunza hadi leo. China ilikuwa ndiyo kwanza imerudi katika Olimpiki ya majira ya joto baada ya miaka zaidi ya thelathini, ikaondoka na dhahabu 15, na Li Ning ndiye aliyebeba medali nyingi kuliko mwanamichezo mwingine yeyote katika michezo ile. Nchi nzima ilimjua.

Kisha ikaja Seoul, mwaka 1988. Alikuwa na umri wa miaka 25, mwili umechoka kwa majeraha, na miaka yake bora ilikuwa imepita. Kwenye pete, kifaa chake mwenyewe, alikosea na kuanguka. Kwenye mruko alitua akakaa chini. Alipoinuka alitabasamu, na tabasamu hilo likawaudhi watu wa nyumbani kuliko kuanguka kwenyewe. China ilipata dhahabu tano tu Seoul, theluthi moja ya zile za Los Angeles, na hasira ya taifa ilihitaji sura ya kuibebesha. Barua za matusi zilimiminika. Mtu aliyeitwa mwana wa mfalme wa jimnastiki aliambiwa ameiaibisha nchi, na mwisho wa mwaka huo akaaga mchezo.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hurukia mwaka 1990 na kuandika kwamba alianzisha kampuni. Miaka hiyo miwili ya katikati wanaiacha, na ndiyo inayoeleza kila kitu. Njia ya kawaida kwa bingwa aliyestaafu ilikuwa kufundisha, au kupewa kiti katika ofisi ya michezo ya mkoa wake. Li Ning alipokea mwaliko mwingine. Li Jingwei, aliyekuwa akiongoza kiwanda cha vinywaji cha Jianlibao huko Sanshui, mkoani Guangdong, alimchukua awe msaidizi wake. Kinywaji cha Jianlibao kilikuwa kimepata umaarufu kwa kunywewa na wanamichezo wa China palepale Los Angeles mwaka 1984, kwa hiyo Li Jingwei alijua vizuri kuliko wengi thamani ya kuihusisha bidhaa na bingwa. Kiwanda hicho ndicho kilichotoa mtaji wa kwanza wa nguo za michezo zilizopewa jina la Li-Ning. Mwaka 1990 Beijing iliandaa Michezo ya Asia, na kampuni changa ikawavisha waliokimbiza mwenge. Picha za mwenge zilifika kila mahali zikiwa na jina lile. Kuanzia Barcelona 1992 hadi Athens 2004, nguo za jukwaani za China katika Olimpiki za majira ya joto zilikuwa za Li-Ning.

Vitu vitatu vilikutana katika miaka ile. Kulikuwa na tajiri wa kiwanda aliyeamini katika jina. Kulikuwa na mkoa wa Guangdong, ambao wakati huo ulikuwa mbele ya mikoa mingine katika kufungua soko. Na kulikuwa na pengo la kisheria. China ilikuwa na sheria ya alama za biashara tangu 1982, hivyo jina la mtu lingeweza kusajiliwa na kulindwa kama nembo, ilhali kanuni za kusema mwanamichezo wa taifa anaweza kuuza nini na nani achukue fungu gani zilikuwa bado hazijakaa sawa. Naongeza jambo la nne, nalo linaniumiza kulisema. Seoul ilimsaidia. Angerudi na dhahabu, jina lake lingekuwa na wagombea wengi. Alirudi na aibu, na jina ambalo watu walikuwa wakilitukana halikuwa na mtu wa kulishika shati lisiondoke.

Mwaka 1996 mamlaka ya michezo ya China ilitoa waraka uliosema wazi kwamba mali isiyoshikika ya wanamichezo wa timu za taifa, yaani majina yao, sura zao na sifa zao, ni ya Dola. Kuanzia hapo bingwa aliyetaka kutangaza bidhaa alipaswa kupitia shirikisho lake. Katika michezo ya majini utaratibu uliojulikana ulikuwa kwamba mchezaji anabaki na nusu ya fedha, na nusu nyingine inagawanywa kati ya makocha, shirikisho na mkoa uliomlea. Mpiga mbizi Tian Liang, bingwa wa Olimpiki za Sydney na Athens, aliondolewa timu ya taifa mwanzoni mwa 2005, na shughuli zake za kibiashara ndizo zilizotajwa. Mwaka 2003 mcheza mpira wa kikapu Yao Ming aliishtaki Coca-Cola mjini Shanghai kwa kutumia picha yake kwenye chupa kwa idhini ya timu ya taifa, bila idhini yake. Alidai yuan moja tu. Kampuni ikaomba radhi. Yao aliweza kufanya hivyo kwa sababu wakati huo alikuwa akicheza Marekani, analipwa huko, na hakuna ofisi ya mkoa ambayo ingemkatia mshahara. Mcheza jimnastiki wa miaka 17 anayelala katika bweni la timu hana nguvu hiyo. Baadaye masharti yalilegezwa kiasi, lakini kwa kizazi kizima uhusiano ulikuwa umeshajengwa: jina ni la wakubwa wakati lina thamani, na linarudishwa kwa mwenyewe likiwa limechakaa.

Jimnastiki inaumizwa na utaratibu huu kuliko michezo mingi. Mchezaji wa mpira wa kikapu anaweza kulipwa na klabu kwa miaka kumi na tano. Mcheza jimnastiki huanza akiwa na miaka mitano au sita, hufikia kilele akiwa kijana mdogo, hasa upande wa wasichana, na mara nyingi mwili unamwambia basi kabla hajafika miaka 22. Hakuna ligi ya kulipwa ya kumpokea. Ujuzi wake haufanani na kazi yoyote ya mtaani. Elimu yake ilipangwa kuzunguka mazoezi. Siku anapotoka, kitu pekee anachoweza kukigeuza kuwa fedha kwa haraka ni kumbukumbu ya watu juu yake. Kumbukumbu hiyo hufifia upesi, na kwa wengi miaka ilipokuwa hai ilishatumika na wengine.

Zhang Shangwu ni mfano ninaorudi kwake kila nikisikia wosia ule wa bidii. Mwaka 2001, katika Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia iliyofanyika Beijing, alipata dhahabu mbili, moja ya timu na moja ya pete, kifaa kilekile cha Li Ning. Akapasuka mshipa wa kisigino, akakosa Olimpiki ya Athens, akatoka mchezoni akiwa na malipo madogo. Aliuza medali zake kwa bei isiyofaa hata kutajwa. Mwaka 2011 wapita njia wa Beijing walimkuta katika kituo cha treni ya chini ya ardhi, akijipinda na kusimama kwa mikono ili wamtupie sarafu. Mtu anayeweza kujishikilia kwenye pete kwa kiwango cha dhahabu hawezi kuambiwa kwamba tatizo lake ni uvivu. Mikono iliyomshikilia pale kituoni ilitengenezwa na mazoezi yaleyale yaliyotengeneza ya Li Ning.

Kisha kuna Wu Liufang. Alistaafu mwaka 2013 bila kucheza Olimpiki, akafundisha, na mwaka 2024 akaanza kujirekodi akicheza dansi mtandaoni kwa mavazi ambayo baadhi ya watu waliona ni ya kutamanisha. Novemba mwaka huo Guan Chenchen, bingwa wa boriti, kifaa kingine cha jimnastiki, katika Olimpiki ya Tokyo, alimkosoa hadharani akimtaka asiuchafue mchezo wa jimnastiki. Ukurasa wa Wu ukawekewa vizuizi, na China nzima ikagombana. Vyombo vingi vya nje vililieleza jambo hilo kama mabinti wawili wakizozana juu ya adabu. Nilivyolielewa mimi, ugomvi ule ulihusu umiliki. Wu alikuwa akijitambulisha kwa kile alichokuwa, mcheza jimnastiki wa zamani wa timu ya taifa. Waliokasirika walimwambia kwamba sifa hiyo si yake kuitumia apendavyo, hata miaka kumi na moja baada ya kuachana na timu. Simlaumu Guan. Alikuwa kijana aliyelelewa akiamini kwamba mchezo ni nyumba ya wote na kila aliyepita humo analinda heshima yake. Lakini nyumba hiyo inamdai Wu heshima, na sijaona inamlipa nini.

Utaratibu wa China una hoja yenye nguvu, na haitatosha kuupiga mawe kutoka mbali. Mtoto wa Guangxi wa miaka ya 1970 hangekuwa na pete, wala kocha, wala daktari, wala chakula cha kutosha kwa mwili unaofanya mazoezi siku nzima, bila fedha za umma. Kwa kila bingwa mmoja, Dola ililea mamia ambao hawakufika popote. Ni haki iseme kwamba jina la bingwa lilijengwa na wengi, na kwamba mapato yake yarudi kuwalea wengine. Nchi ambazo jimnastiki inalipiwa na wazazi zinapata wachezaji kutoka familia zenye uwezo. Li Ning wa huko huenda asingeonekana kabisa. Hoja hii naiheshimu, na nisingependa kuona China ikizifunga shule zake za michezo. Ila inaruhusu kugawana. Hairuhusu kuchukua jina zima la mtoto ambaye hakuwahi kusaini chochote akiwa na akili ya kuelewa, kisha kumrudishia akiwa na goti bovu.

Hoja ya pili inasema Li Ning ni mtu aliyejijenga mwenyewe, na soko lilimtendea haki pale Dola ilipomtupa. Hii ina ukweli nusu. Soko alilouzia lilikuwa limefunguliwa na Dola. Mwenge wa 1990 ulikuwa wa Dola, na mikataba ya Olimpiki kuanzia 1992 ilitolewa na Dola. Agosti 8, 2008, alipoinuliwa kwa nyaya na kuzunguka ukingo wa juu wa Uwanja wa Taifa wa Beijing kisha akauwasha mwenge mkuu, dunia nzima ikitazama, heshima hiyo haikununuliwa dukani. Usiku ule alivaa nguo za Adidas, kwa kuwa Adidas ndiyo iliyokuwa mdhamini, na bado hisa za kampuni yake zilipanda soko lilipofunguliwa. Hakuna ushahidi mzito kuliko huo wa thamani ya jina: halikuandikwa popote kwenye mwili wake, na lilimwingizia fedha.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile niliyoanza nayo, kwamba mabingwa wanaoishia pabaya walikosa nidhamu ya maisha na wangejifunza kwa Li Ning. Hata Li Ning mwenyewe, akiwa na mtaji, mameneja na soko la hisa la Hong Kong ambako kampuni iliingia mwaka 2004, aliporomoka. Mwaka 2010 kampuni ilibadilisha nembo na kuwafuata vijana waliozaliwa baada ya 1990, ambao hawakumkumbuka kwenye pete. Maghala yakajaa bidhaa zisizouzika. Ilipata hasara miaka mitatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014, ikamlazimu arudi kushika usukani mwenyewe. Ilipona, ikaonyesha mavazi yake katika wiki ya mitindo ya New York mwaka 2018, na mwaka 2024 mapato yake yalizidi yuan bilioni 28. Hata hivyo Anta mwaka huohuo ilivuka bilioni 70, na waanzilishi wake hawakuwahi kupanda jukwaa la Olimpiki. Kama nidhamu ya bingwa ndiyo inayozaa biashara, Anta isingekuwa mbele. Na kama nidhamu ingetosha kumlinda mtu asianguke, Li Ning asingepata hasara miaka mitatu. Alinusurika kwa sababu alikuwa na kampuni ya kuangukia. Zhang alikuwa na sakafu ya kituo cha treni.

Ndiyo maana mkataba wa 2025 unastahili kusomwa kama karatasi ya biashara. Kamati inapata vifaa na fedha. Kampuni inapata haki ya kuonyesha miili ya wanamichezo ikiwa na nembo yake, hadi Los Angeles. Wanamichezo wenyewe ndio bidhaa inayouzwa hapo, na wengi wao, hasa wasichana wa jimnastiki watakaokwenda 2028, watakuwa wamestaafu muda mfupi baada ya mkataba kwisha. Swali la kuuliza kila panapotangazwa udhamini wa namna hii ni fungu gani linamfuata mchezaji baada ya kuvua nguo hizo, na kama siku ya kutoka anapewa kwa maandishi haki kamili ya jina lake, picha zake na sifa ya kuwa alikuwa wa timu ya taifa. Utaratibu wa kugawana unaweza kubaki kwa miaka ya mazoezi, na fungu la Dola likawekwa katika mfuko wa matibabu na masomo kwa waliotoka bila medali, ambao ndio wengi. Mkoa uliomlea mtoto usipoteze fungu lake. Lakini umiliki uwe na mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza.

Mashirikisho hayatatoa haki hizo kwa hiari, na mchezaji mmoja mmoja hana uwezo wa kuzidai. Mtu mwenye uwezo huo anaketi upande wa pili wa meza. Li Ning ndiye mwenyekiti wa kampuni inayolipa, ni bingwa ambaye Kamati inamhitaji kwa heshima yake, na anajua kwa mwili wake mwenyewe Seoul ilivyokuwa. Mdhamini anaweza kuweka masharti, na wadhamini huyaweka kila siku kuhusu ukubwa wa nembo na rangi ya koti. Anaweza kuweka la ziada, kwamba kila mcheza jimnastiki anayevaa jina la Li Ning Los Angeles aondoke timu ya taifa akiwa na lake.